Yaliyompata Chinatsu, Mchezaji wa Utepe

Roselyne Nakhungu,
S.L.P. 1174,
KITALE.

20 Julai, 2008.

Mpendwa ndugu yangu Wangila,

Mulembe, wandase. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba masomo yako ya kilimo huko Kochi yanakwenda vizuri. Bado hujazoea joto lao? Ulisema mwezi wa Julai mtu hutoka jasho akiwa ameketi tu. Huku kwetu ni mvua na baridi. Mahindi yamefika kifuani kwa wale waliopata kupanda, lakini mashamba mengi yameota magugu kwa sababu wenyewe bado wako kwenye mahema.

Sisi tuko. Hesbon wangu bado anasumbuliwa na kifua lakini anakwenda kazini. Edinah wetu ameingia kidato cha pili na amenipita urefu. Papa yuko kule Kamukuywa, ana nguvu kiasi, ila tangu mwezi uliopita amekuwa mtu wa kunyamaza. Nitakueleza sababu.

Uliniandikia kwenye simu, "Dada, mama yake Chinatsu ananiuliza na sina la kumjibu. Niandikie yote." Nimechelewa kwa sababu kila nikishika kalamu, mkono unakataa. Leo ni Jumapili, wenzangu wameenda kanisani nami nimebaki na nyumba. Acha niandike.

Wewe ndiye uliyetuletea Chinatsu. Ulituambia mwaka wa 2005 kwamba mama anayewapikia tambi pale karibu na chuo chenu ana binti anayekuja Kenya kwa kujitolea, atafundisha mazoezi ya viungo katika shule moja ya wasichana huku Kitale, na tumpokee kama mtoto wa nyumbani. Tulimpokea. Nilipokwenda kumtazama nilitarajia mtu wa misuli, si unajua watu wa michezo. Nilichokuta ni msichana mwembamba kama bua la mtama, shingo ndefu, amesimama wima kama amebeba mtungi kichwani. Nikajiuliza huyu atafundisha nani ilhali upepo wa Mlima Elgon unaweza kumbeba.

Jumamosi ya kwanza tukampeleka kwa Papa. Papa akamuuliza jina lake lina maana gani. Akasema mwisho wa jina lake ni majira ya jua kali. Papa akapiga goti lake kwa furaha. "Basi huyu ni Nasimiyu! Amezaliwa kiangazi." Tangu siku hiyo Kamukuywa hakuna aliyemwita vingine. Na Kiswahili chake kilivyowachekesha wazee! Alisema "kurara" na "kura chakura", sawasawa na wao. Papa akawauliza, "Mjapani gani huyu? Si ni mtu wa Bungoma aliyepotea tu!"

Alihamia chumba chetu cha nje, na jioni alikuwa akija jikoni kunisaidia kuchambua maharagwe. Hapo ndipo aliponisimulia maisha yake, kidogo kidogo, kadiri Kiswahili kilivyomjia. Sijui kama mama yake aliwahi kukueleza haya.

Alianza akiwa mtoto wa miaka sita. Mchezo wenyewe sisi hatukuwa tunaujua. Wasichana wanacheza kwa muziki huku wakirusha kamba, mpira, ringi, virungu, na utepe mrefu uliofungwa kwenye kijiti, na utepe ule haufai kugusa chini wala kujifunga fundo. Alikuwa na kipaji. Wakamtoa kwenye kilabu ya mtaani wakampeleka kwenye kilabu kubwa, akawa analala huko na wenzake. Kocha wao aliwapima uzito asubuhi kabla ya mazoezi na jioni baada ya mazoezi. Aliyeongezeka hata kidogo alikimbia akiwa amevaa nguo za plastiki mpaka mizani ikubali.

"Kocha alisema mafuta ni uvivu unaoonekana," aliniambia. "Tulinyonya barafu, Dada. Barafu haina uzito."

Nikamuuliza mama yake alisema nini. "Nikienda nyumbani likizo, Mama alifunga jikoni na kufuri. Kocha alimwambia afunge. Alikuwa akilia akifunga."

Alifika timu ya taifa. Walicheza watano watano, na alisema mmoja wao akikosea wote wamekosea, ndiyo maana hawakuwa na rafiki. Kila mmoja alimwogopa mwenzake. Alikwenda Ulaya kwenye mashindano ya dunia. Nilimwomba anisimulie Ulaya ikoje. Akasema anakumbuka rangi ya zulia la kuchezea na harufu ya mkate iliyotoka kwenye duka moja chini ya hoteli. Hakuula.

Mgongo ulianza kumuuma akiwa na miaka ishirini. Alimeza dawa akanyamaza, kwa sababu uteuzi wa timu ya mashindano makubwa zaidi ulikuwa karibu. Kumbe mfupa mmoja wa uti wa mgongo ulikuwa umepasuka. Siku moja alishindwa kuinuka sakafuni. Alipotoka hospitali akiwa amefungwa mkanda wa chuma, alikwenda kuwatazama wenzake, akamkuta msichana mwingine amevaa nguo yake ya mashindano. "Walikuwa wamepunguza kiuno," akaniambia. "Yeye alikuwa mwembamba kuliko mimi." Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemwambia lolote. Hivyo ndivyo kazi yake yote tangu utotoni ilivyokwisha. Baada ya hapo aliuza viatu dukani mpaka alipoona tangazo la kujitolea.

Sasa umejua alikuja kwetu na nini ndani yake.

Pale shuleni aliomba vitambaa vya satini kwa mafundi cherehani wa mjini, akashona tepe. Vijiti vilikuwa vya mti wa kawaida vilivyopigwa msasa. Uwanja ulikuwa nyasi, na ng'ombe walifukuzwa kwanza. Watu walisema ni sarakasi, wengine ati ni mambo ya majini, lakini wasichana walimpenda. Aliyewazidi wote alikuwa Tabby, mtoto wa jirani zetu Ngari na Kabura. Unawakumbuka, Kabura ndiye aliyekuletea viazi siku ile unasafiri. Tabby alikuwa na mwili usio na mfupa, bana. Chinatsu akimtazama alikuwa akisahau kufumba mdomo.

Katika mazoezi yake hapakuwa na mizani. Mwalimu mmoja alileta ya zahanati, akitaka kuandika afya za watoto. Chinatsu akaibeba mwenyewe, akaitoa nje, akaiweka kwenye mvua. Ndiyo mara ya pekee nilimwona na hasira. Na sharti lake lilikuwa moja: asiyekula hachezi. Wasichana walikula githeri kwanza, kisha muziki. Mwanzoni yeye aliwatazama tu. Halafu Tabby akamwambia mbele ya wote, "Madam, hata wewe. Asiyekula hachezi." Wakacheka, naye akachukua sahani. Ndugu yangu, mwaka ule wa 2007 Chinatsu alikula. Mashavu yakajaa, mikono ikajaa, akanifuata akitaka sketi zake ziachiwe kiunoni. Alijitazama kwenye kioo changu akajifinya tumbo, akacheka hadi machozi yakamtoka.

Mwezi wa kumi wakacheza kwenye Shoo ya Kitale. Katikati ya ng'ombe wa gredi na matrekta, wasichana watano wa shule na tepe nyekundu. Watu waliacha kutafuna. Tabby alirusha utepe juu sana, akajipindua, akaudaka bila kuangalia. Chinatsu alikuwa kando yangu, amenishika mkono kwa nguvu hadi ukaniuma. Alisema atakaa Kitale. Akimaliza mkataba atafungua kilabu yake mwenyewe, na Tabby atakwenda Nairobi, na baadaye mbali kuliko Nairobi.

Kisha ukaja uchaguzi.

Mengine uliyaona kwenye televisheni huko. Nitakuambia ya mlangoni kwetu. Mwanzoni mwa Januari vijana walikuja kwa Ngari, kwa sababu ya kabila lake, wakiwa na mapanga na petroli. Wengine wao niliwafundisha darasa la nne. Ngari, Kabura na Tabby walikimbilia kwetu kupitia ua wa nyuma. Mama yake Kabura, tuliyemwita Shosho, alikuwa na miguu iliyokufa. Ngari alirudi kumbeba akakuta mlango umeshika moto. Tulisikia sauti ya Shosho kutoka ndani. Hesbon alimkumbatia Kabura kwa nguvu zake zote ili asitoke, naye alimuuma mkono hadi mfupa. Alama iko mpaka leo.

Baadaye polisi waliwapeleka uwanja wa shoo. Ndiyo, pale pale. Mahema yalijaa mpaka kwenye nyasi walizochezea wale watoto.

Chinatsu alichukuliwa na wakubwa wake akapelekwa Nairobi, kisha Japani, kwa usalama. Alipinga lakini haikusaidia. Mwezi wa tatu nikamwona getini na begi moja. Alikuwa ameacha kazi ya kujitolea akarudi kwa hiari yake. Nikamwambia, "Nasimiyu, umekuja kufanya nini hapa? Hatuna hata shule." Akasema, "Tabby yuko wapi?"

Alikwenda kambini kila siku. Alikusanya wasichana katika lile tope, akawafundisha kwa kamba za mahema. Tabby hakutaka. Tangu moto ule hakuwa akizungumza, aliketi tu amejifunika leso ya bibi yake. Chinatsu aliketi naye. Siku nyingine nilipita nikawakuta wameketi vile vile, hakuna anayesema. Ilimchukua muda mrefu mpaka mtoto akainuka, akashika kamba, akairusha mara moja na kuiacha ianguke. Chinatsu alinisimulia jambo hilo jioni kama mtu aliyeshinda kombe.

Lakini alikuwa ameacha kula. Uji uliogawiwa kambini aliwapa watoto. Nyumbani niliweka sahani mbele yake, akaizungusha zungusha, akasema ameshiba. Mimi nilimgombeza, Hesbon alimbembeleza. Nikamkumbusha maneno ya Tabby. Alinitazama kwa adabu sana akasema, "Dada Rosi, mwili wangu umekumbuka njia ya zamani. Siwezi kuuzuia." Zile sketi nilizoziachia nikazirudisha kwa pini.

Kambi ilipovunjwa mwezi wa tano, watu wa Kabura walihamishiwa kwenye mahema mengine karibu na shamba lao, wakalala wakitazama nyumba iliyoungua. Chinatsu alikuwa amedhoofika hata kupanda ngazi ya baraza alishika ukuta. Nikampeleka kwa Papa apumzike. Papa alimchinjia kuku, akakaa naye, akamkatia nyama vipande vidogo kama vya mtoto. Alikula kimoja kwa heshima.

Malaria ikamkuta hapo. Tukamkimbiza hospitali ya misheni ya Lugulu, na madaktari walifanya yote ambayo binadamu anaweza kufanya. Mmoja alinivuta kando. "Mama, malaria hii mtu mwingine angeinuka nayo. Lakini moyo wa huyu umekuwa ukijila wenyewe tangu akiwa mtoto. Hauna akiba." Alikata roho asubuhi, nikiwa nimemshika mguu kwa sababu mikono yote ilikuwa na mipira ya dawa. Neno lake la mwisho lilikuwa kwangu: "Tabby asipimwe." Sikuelewa haraka. Nikamwambia hatapimwa.

Papa hakuuliza mtu. Alichagua mahali kando ya Mama yetu, vijana wakachimba kaburi. Alisema binti yake atalala na watu wake. Ndipo akafika bwana mmoja kutoka ubalozini, Mjapani mpole, akasema mama wa marehemu ni mgonjwa, anasafishwa damu hospitalini, hawezi kupanda ndege. Hilo wewe unalijua. Anaomba mtoto achomwe kwa desturi yao, mifupa ipelekwe Kochi.

Papa alisimama. Sijawahi kumwona vile. "Kuchoma? Mwaka huu? Kwa boma langu mnakuja kusema kuchoma? Hamjaona watu wakichomwa mkashiba?" Wazee wakaitikia. Wakasema ni laana, ati kaburi liko wazi na haliwezi kunyimwa mtu wake. Bwana wa ubalozi aliinamisha kichwa akakaa hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa upande wa Papa, sitakuficha.

Kabura alikuwa amekuja matangani na Tabby. Fikiria alivyopita njia ile, kati ya watu aliowaogopa, ili amlilie mwalimu wa mtoto wake. Alikuwa ameketi nyuma na wanawake. Akasimama, na uwanja mzima ukamgeukia kwa sababu kila mtu alijua moto umemfanya nini.

"Mzee Eliakim," akamwambia Papa, "mimi moto ulikuja kwangu bila kuniuliza. Mama yangu sikumzika, nilizika udongo tu. Huyu mama wa Nasimiyu ameulizwa, na amejibu. Mimi ningepewa nafasi ya kuulizwa, ningetembea kwa magoti mpaka Kamukuywa kushukuru. Mpeni mtoto wake."

Akaketi. Papa akaiegemeza fimbo yake ukutani. Kisha akaingia nyumbani akatoka amevaa koti lake la kanisa. "Twende," akasema. "Sitamwacha aende peke yake."

Tulikwenda Kisumu, mahali ambapo Wahindi huwasindikiza wafu wao. Sitaeleza moto. Ulipokwisha na kupoa, bwana wa ubalozi akatoa vijiti virefu, akasema kwao ndugu huokota mifupa wawili wawili, wakianza na miguu, ili marehemu asikae kichwa chini ndani ya chungu. Mimi mikono ilikataa. Papa ndiye aliyevichukua. Mzee wa miaka themanini, hajawahi kushika vijiti vile. Aliangusha, akaokota tena, akaangusha. Yule bwana alimngoja. Wakaanza na miguu. Papa alikuwa akinong'ona kwa Kibukusu, akimwita kwa jina alilompa, akimwomba radhi kwa kuwa mikono yake si myepesi.

Tuliporudi alikata mgomba akauzika katika lile kaburi, kama wazee wetu walivyofanya kwa waliopotelea vitani. Haongei sana tangu siku hiyo. Hiyo ndiyo sababu.

Tabby na wazazi wake wamepata chumba Nyahururu kwa ndugu zao. Hachezi. Kabura anasema anakula, na hilo ndilo nililouliza.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo. Tukiwa Kisumu, yule bwana alimpigia simu mama mtu, akanipa niseme naye yeye akitafsiri. Mama alizungumza polepole sana. Bwana akasita, akaona haya, akasema, "Samahani. Anauliza kama binti yake alikuwa amenenepa." Nilishtuka, nikadhani ni dharau. Akanieleza kwamba mama yule tangu 2005 amekuwa akienda hekaluni kuomba jambo hilo moja, kwamba Afrika wamnenepeshe mtoto wake.

Nikasema ndiyo. Nikasema alinenepa mpaka nikaachia sketi zake, mashavu yalijaa, na alicheka mbele ya kioo. Nikasikia mama yule akilia, akasema asante mara nyingi, hilo neno sikuhitaji kutafsiriwa. Kila nililosema ni kweli, Wangila. Sikumwambia tu ni lini. Utakapokwenda kwake kula tambi atakuuliza tena, najua. Tafadhali, nawe usimwambie ni lini.

Papa anakusalimu na kusema usirudi ukiwa mwembamba. Hesbon na Edinah wanakusalimu, na Kabura alipopiga simu alikutaja kwa jina. Msalimie mama wa Chinatsu, umwambie ana watu Kamukuywa. Mungu aliyekuvusha bahari ukiwa mzima akuweke chini ya mkono wake huko ugenini, akurudishe kwetu tukiwa bado tupo wa kukupokea.

Wako akupendaye daima, dada yako,

Roselyne